Mlango Niliokuwa Nikiuruka

Miaka mitatu mfululizo nimewapeleka wanafunzi wangu wa darasa la nane kwenye Mtaa wa Monroe kuwaonyesha biashara za watu wetu weusi, na miaka yote mitatu nimeuruka mlango mmoja. Nalisema hili mapema ili mtu asije akanidhania mwema. Naingia kwa Purnell kinyozi, naingia kwa akina Duke wanaokaanga samaki, navuka barabara kwa fundi viatu, kisha nawaambia watoto, "Haya, tusichelewe, twendeni kwa Braswell," na tunapita mbele ya saluni ya Bi Verlene Hightower mbiombio, mimi nikiwaonyesha kitu ng'ambo ya pili ambako hakuna kitu.

Na somo lenyewe nimelianzisha mimi. Mwalimu Lynette Pettaway, ndiye huyo anayesimama mbele ya watoto na kupiga kelele: nunueni kwenu, inueni watu wenu, hawa ndio waliotulisha na kutuvisha na kutuzika wakati maduka ya katikati ya mji hayakutaka tuingie kwa mlango wa mbele. Kila mwaka watoto wanachora ramani ya biashara hizo, tunaitoa nakala, inabandikwa kanisani, maktaba na zahanati. Watu wananipongeza. Nyani haoni kundule, walisema wenye akili.

Kosa langu ni hili. Mama yangu, Ozella Pettaway, alitengenezwa nywele na Bi Verlene kila Jumamosi kwa miaka arobaini na mmoja. Na hapa kwetu msusi wako ndiye anayekutengeneza mara ya mwisho. Mtu akifa, familia inampigia msusi, wengine hata kabla ya mchungaji, naye anachukua mkoba wake wa machanuo anakwenda kumwandaa marehemu huko alikolazwa. Jeneza linakuwa wazi, watu wanapita mmoja mmoja kukutazama, na hakuna anayetaka kuagwa akiwa na kichwa kama cha mtu mwingine. Mama na Bi Verlene walikuwa wameahidiana. "Mimi asinitengeneze mtu ila Verlene," alikuwa akiniambia jikoni, "umesikia, Nettie?" Nami nasema ndiyo Mama, macho yangu yako kwenye simu.

Alifariki kwa kiharusi miaka mitatu iliyopita, siku ya Jumanne. Sikumpeleka kwa Braswell, mwenye nyumba ya mazishi ya mtaani kwetu, aliyemzika baba yangu na babu yangu. Nilimpeleka kwenye ile kampuni kubwa ya mazishi iliyoko kando ya barabara kuu, yenye milango ya vioo na uwanja mpana wa magari. Niulizeni kwa nini. Zulia! Zulia la Braswell limechakaa katikati hadi nyuzi zinaonekana, na mkuu wangu wa shule angekuja, na walimu wenzangu, nikaona haya wakanyage pale. Mwanamke mzima na shahada mbili ukutani. Yule bwana wa kampuni, na tai yake, akaniuliza kwa upole, "Mama alikuwa na msusi wake ambaye mngependa aje?" Nilimwona Bi Verlene akilini mwangu akiingia kwenye ukumbi ule na mkoba wake wa zamani, na vile viatu alivyovikata kando ili kidole kipate hewa, akiuliza kwa sauti ya kusikika hadi barabarani, "Ozella anafanya nini huku?" Nikasema hapana. Hana msusi.

Bi Verlene alinipigia simu mara tatu. Niliona jina lake kila mara. Mara ya tatu niliigeuza simu kifudifudi mezani nikaendelea kuchagua maua.

Siku ya maziko mama alilazwa nywele zimechanwa zote nyuma, na juu ya sikio la kulia palikuwa na mahali patupu, pakubwa kama yai la kuku, pamepakwa poda. Sikuwahi kupaona. Nikajiambia ni mambo ya hospitali. Kanisa zima likapita. Nilisikia kina mama wa ushirika wakinong'onezana nyuma ya viti: "Maskini Ozella! Kumbe alikuwa anaumwa kiasi hiki na binti yake amenyamaza." Bi Verlene alipofika kwenye jeneza alisimama muda mrefu kuliko wote. Aliinua mkono kama anayetaka kumgusa, akaurudisha. Alipita mbele yangu bila kunitazama. Tangu siku ile nami simtazami.

Basi, mwaka huu mambo yakabadilika, maana halmashauri ya mji iliipenda ramani ya watoto na kutaka kuifanya bango kubwa la chuma, lisimamishwe pale mtaa unapoanzia, libaki miaka na miaka. Majina yalitakiwa yafike kwao Ijumaa. Jumatatu nikaibandika rasimu ubaoni, nikawaambia watoto waangalie kama kuna kosa.

Zaria Lockett akanyoosha mkono. Zaria huyo ana miaka kumi na minne na ulimi wa miaka sitini. Amelelewa na bibi yake.

"Mwalimu, Bi Verlene hayumo."

"Bi Verlene amestaafu," nikasema. Uongo ulitoka laini, hata sikukohoa.

"Amestaafu lini? Jumamosi si ndiye aliyeniunguza sikio!" Akageuza kichwa, akavuta sikio, darasa zima lione. "Nikapiga kelele, akaniambia tulia wewe, hujaungua, huo ni mvuke."

Darasa likaangua kicheko. Hakuna mtoto wa kike mle ndani ambaye hajaambiwa maneno hayo na mtu aliyeshika chanuo la chuma la kunyooshea nywele, lililopashwa moto.

"Labda alistaafu Jumapili," akasema Marquell Gaines kutoka nyuma.

"Marquell!"

"Mimi nauliza tu, Mwalimu. Kwani mna ugomvi?"

"Hatuna ugomvi wowote. Kaa vizuri kitini."

"Bibi yangu anasema," Zaria akaendelea, na sasa hakuwa akicheka, "watu wanadhani kweli amefunga. Wageni wanaohamia huku wanaitazama ile ramani yetu kanisani, hawamwoni. Ana viti vitatu, siku hizi kinakaliwa kimoja. Bibi anasema bango likisimama na yeye hayumo, ndiyo basi tena, atafunga kweli."

Njia ya mwongo ni fupi, lakini sikujua kwamba yangu ingeishia kwa mtoto wa miaka kumi na minne. Nilikuwa nimejiambia miaka mitatu kwamba dhambi yangu ni ya mambo yaliyopita, nimemkosea marehemu na marehemu haongei. Kumbe kila mwaka, kwa mikono ya watoto wa watu, nimekuwa nikimfungia mlango mwanamke aliye hai. Nikaiweka chaki mezani.

"Alhamisi baada ya shule," nikasema. "Zaria, Marquell na wengine watatu. Tutakwenda kumhoji."

Usiku wa Jumatano sikulala, lakini hilo si la kuwapigia hadithi. Alhamisi tukaenda.

Kengele ya mlango wa Bi Verlene bado ni ile ile, na harufu ni ile ile: mafuta ya nywele yaliyopata moto, na kahawa. Viti viwili vilikuwa vitupu, vimefunikwa taulo. Chini ya draya ya kukaushia nywele alikaa Bi Lucille Oates, rola kichwani, gazeti mapajani. Bi Verlene mwenyewe alikuwa anafuta machanuo. Ana miaka sabini na minane, mfupi, mgongo umeanza kupinda, na mkono wa kushoto nikauona unatetemeka kidogo kidogo.

"Karibuni, wanangu," akawaambia watoto. "Wewe mjukuu wa Lockett, sikio limepona?"

"Limepona, Bi Verlene. Lakini niliungua kweli."

"Hukuungua. Kaeni. Mmekula? Kuna biskuti kwenye lile kopo." Kisha akanigeukia mimi. "Nettie."

"Shikamoo, Bi Verlene."

"Marahaba." Akarudi kwenye machanuo yake.

Zaria akafungua daftari, akasafisha koo kama mtangazaji. "Swali la kwanza. Saluni hii uliianzisha mwaka gani?"

"Weka kalamu chini kwanza, mama." Bi Verlene alilaza chanuo juu ya kitambaa, akafuta mikono. "Hiyo ramani yenu naijua. Nimeiona kanisani. Nimeiona zahanati nilipokwenda kupimwa presha. Nikatafuta jina langu na miwani, nikavua miwani nikalitafuta tena. Mwaka wa kwanza nikasema watoto hao, wamesahau. Mwaka wa pili nikasema haya. Mwaka wa tatu sikusema kitu. Sasa kabla sijajibu swali lako, nataka mwalimu wenu ajibu langu. Kwa nini?"

Bi Lucille akainua kofia ya draya.

"Ishushe hiyo, Lucille, hujakauka."

"Nimekauka vya kutosha kusikia."

Watoto wakanitazama wote watano. Nikajaribu, Mungu anisamehe, nikajaribu tena. "Bi Verlene, ilikuwa kupitiwa tu. Unajua mambo ya shule, haraka haraka..."

"Mara tatu?"

Nikaangalia lile kopo la biskuti.

"Nettie, mikia yako ya kwanza kichwani niliisuka mimi, umekaa juu ya vitabu vya simu kwenye kiti kile. Nilikuwa nikikushika kichwa najua unaposema uongo, shingo inakakamaa. Leo sijakushika na bado naiona."

Marquell akaanza kucheka, akaona sicheki, akaacha.

"Kwa hiyo tusiandike?" Zaria akauliza polepole.

"Asiponijibu, msiandike. Kesho pelekeni majina yenu bila langu. Mimi sitaki kuwekwa kwenye chuma kwa kuonewa huruma, kama kitu kilichookotwa njiani. Miaka hamsini na miwili nimesimama hapa. Nitafunga mlango wangu mwenyewe, kwa ufunguo wangu."

Alikuwa hatanii. Ningeweza kuondoka. Ningewaambia watoto bibi amekasirika, wazee ndivyo walivyo, na bango lingesimama bila yeye na hakuna ambaye angeniuliza tena. Nilikuwa nimekwishashika mkoba wangu. Halafu nikamwona Zaria amefunga daftari, ameliweka mapajani, ananiangalia akisubiri, jinsi mimi ninavyowasubiri darasani ninapouliza swali na kuwaambia nipeni jibu la kweli, hata kama ni baya.

"Kwa sababu naona aibu," nikasema. "Mama yangu alikuwa mteja wa Bi Verlene. Alitaka Bi Verlene amtengeneze akifa. Nilijua. Nikampeleka kwa wale wa barabara kuu kwa sababu kwa Braswell palionekana pamechakaa mbele ya wageni wangu. Wakaniuliza ana msusi, nikasema hana. Bi Verlene akanipigia simu, sikupokea. Tangu hapo siwezi kuingia hapa, na kwa kuwa siwezi kuingia, nikawazuia na nyinyi. Jumatatu nikawaambia amestaafu. Nilidanganya."

Draya ya Bi Lucille ikaendelea kuvuma hewani bila kichwa ndani.

"Lakini Mwalimu," Marquell akasema, na safari hii hakukuwa na mzaha, "si wewe uliyetuambia..."

"Najua nilichowaambia, Marquell."

"Ulisema hasa waliotuzika."

"Najua."

Nimefundisha miaka kumi na tisa. Watoto wamenichoka, wamenikasirikia, wameniigiza nyuma ya mgongo wangu. Lakini kunionea aibu, macho yakiwa chini kwenye viatu vyao, hilo lilikuwa geni kwangu, na natamani wangenizomea.

Bi Verlene akapiga makofi mara moja. "Haya, watoto. Nendeni hapo jirani kwa Purnell, mwambieni nimesema awape soda kila mtu. Nitawaita. Na wewe, Lucille."

"Mimi? Na rola kichwani?"

"Purnell ameona makubwa zaidi ya hayo."

"Makubwa yepi? Kila siku mambo matamu yakifika mimi natolewa nje," akalalamika Bi Lucille, lakini alikwenda, amejifunga taulo, anawasukuma watoto mbele yake.

Tulipobaki wawili, Bi Verlene akazima draya, akakaa kwenye kiti cha wateja. Mimi nikabaki nimesimama.

"Mama yako alikuwa na kovu," akasema. "Juu ya sikio la kulia. Alipokuwa na miaka kumi na tisa dada yake alimtia dawa ya kunyoosha nywele jikoni kwao, ile ya zamani iliyotengenezwa kwa magadi makali, wakakaa wanapiga soga mpaka ikala ngozi. Nywele hazikuota tena pale. Ndiyo maana alikuja kwangu saa kumi na mbili asubuhi, kabla ya mtu yeyote. Uliwahi kujiuliza kwa nini mama yako awahi hivyo siku ya mapumziko?"

"Nilidhani anakwepa foleni."

"Foleni!" Akatikisa kichwa. "Hata baba yako hakujua. Alilala na kitambaa kichwani kila siku ya ndoa yake. Tulikuwa tunajua watatu: yeye, dada yake na mimi. Dada yake alitangulia."

Sasa siri hiyo nimeitoa mimi kwa kuisimulia hapa, na hata hivyo kanisa zima liliona. Nikashika mgongo wa kiti kitupu.

"Unafikiri nilikupigia simu kwa nini?" akaniuliza.

"Kunigombeza. Kwamba nimempeleka kule."

"Kukugombeza." Alilirudia neno lile taratibu. "Nettie, mimi nimezika mume na wana wawili. Nigombane na mfiwa kwa sababu ya jengo? Jumatano ile nilikwenda na mkoba wangu. Binti wa mapokezi, mpole sana, akaniambia familia imesema marehemu hana msusi. Nikasema sawa. Nikakaa kwenye gari langu pale pale uwanjani, nikakupigia. Nilitaka umwambie huyo anayemchana neno moja tu. Njia ya nywele aiweke kushoto, nywele azilaze kulia. Basi. Mimi wala nisingekuwepo. Angefanya huyo huyo mtu wao, na mama yako angekwenda na siri yake."

Nilikaa kwenye kile kiti kitupu, juu ya taulo, nikaweka uso mikononi. Miaka mitatu nilikuwa nimejihukumu kwa kosa la kiburi, na kosa la kiburi mtu anaweza kuishi nalo, unajiambia ulikuwa na msiba, ulichanganyikiwa. Sasa nikaona ile simu juu ya meza, uso chini, inatetemeka kando ya kitabu cha maua. Ilikuwa kuinyanyua tu. Neno moja, kushoto, na mama yangu asingevuliwa nguo mbele ya watu mia tatu. Maana ndivyo nilivyomfanya. Nilimvua nguo mama yangu mzazi, nikasimama kando yake nikipokea pole.

"Nisamehe, Bi Verlene."

"Mimi?" akauliza. "Kichwa hakikuwa changu."

"Basi nifanye nini?"

"Sijui. Msamaha wa Ozella anao Ozella. La kwangu mimi lilikuwa la ramani, na hilo umelijibu mbele ya watoto, sikutegemea. Nenda kawaite."

Nikawaita. Walirudi wameshika soda, Bi Lucille nyuma yao ananikodolea macho, na Zaria akafungua daftari, akauliza maswali yote kumi na mawili. Bi Verlene akajibu yote. Aliwaambia alijifunzia kwa shangazi yake, kwamba kiti cha kwanza alikinunua kwa kupiga pasi nguo za watu, kwamba miaka ile ya maandamano wanawake walikutana saluni kwake kupanga mambo kwa sababu askari hawakujua kama kuna la maana linalosemwa chini ya draya. Mimi nilikaa pembeni kama mtoto aliyeadhibiwa. Hakuna aliyenisemesha, na sikustahili.

Tulipokuwa tunatoka akaniita.

"Nettie. Mama Odom amefariki jana."

"Nimesikia. Pole."

"Jumamosi saa moja asubuhi namtengeneza, kwa Braswell. Mkono huu siku hizi hautulii, siwezi kushika kichwa na chanuo kwa pamoja. Wasichana niliowafundisha wanaogopa maiti. Wewe unaogopa?"

"Naogopa."

"Haya. Uje hivyo hivyo."

Ijumaa majina yalipelekwa halmashauri. Zaria ndiye aliyeandika mstari wa Bi Verlene, akaniletea niusome kabla: Verlene Hightower, msusi, miaka hamsini na miwili, huwatengeneza walio hai na waliofariki. Nikasema ni mzuri. Alisimama pale mezani kwangu, anakunja pembe ya karatasi.

"Mwalimu, lile ulilosema jana. Bibi yangu ameniuliza mlizungumza nini, nikamwambia maswali ya kawaida."

"Mwambie ukweli, Zaria."

"Ni wako. Mwambie mwenyewe." Akaenda zake kukaa.

Jumamosi nilifika kwa Braswell mapema. Yeye mwenyewe alinifungulia mlango, mzee yule, akanipa mkono wa pole kana kwamba mama yangu amefariki wiki ile, na hilo liliniuma kuliko kama angenitukana. Bi Verlene alikuwa amekwisha kuosha nywele za Mama Odom na kuzikausha. Alikuwa anazungumza naye, sauti ya kawaida tu, ya saluni: nani kaolewa, nani kamwacha nani, bei ya mayai. Chanuo lilikuwa linapata moto.

"Simama hapo juu ya kichwa. Weka mikono yako hivi, chini ya kisogo. Sasa nyanyua kidogo."

Nikanyanyua. Sikujua kwamba kichwa cha mtu ni kizito namna ile, wala kwamba kinapoa mpaka ndani ya mifupa. Nilitaka kuachia. Bi Verlene aliegemeza ule mkono unaotetemeka juu ya kifundo cha mkono wangu, mtetemo ukapungua, na mkono wa kulia ukaanza kazi, polepole, kutoka kwenye ngozi hadi ncha.

"Odom alikuwa na nywele laini," akasema. "Shingo yake ndiyo ilikuwa inamsumbua. Usimpinde sana."

"Sawa."

"Sikio la huku halisikii vizuri, kifaa chake kimeacha alama, na hakupenda watu wajue. Tunalifunika."

Akavuta nywele mbele ya sikio, akazilaza, akazibonyeza kwa kidole, mwanamke aliyekufa akafichiwa sikio lake. Nilikuwa nimemshika mama wa watu kwa mikono yangu miwili, na mama yangu mimi sikumgusa hata mara moja. Nilimlipa mtu mwenye tai na milango ya vioo, nikachagua maua. Machozi yakanijia bila kuniuliza. Nilijaribu kuyazuia nikashindwa, yakaanza kudondoka.

Bi Verlene hakuinua macho kutoka kwenye kazi yake.

"Geuza uso, Nettie. Nimetoka kumkausha sasa hivi, usimlowanishe."

Nikageuza uso ukutani. Mikono niliiacha pale pale.